Kabla ya Kushusha Buati, Ambreyaje Ipimwe Kwanza

Wasikilizaji wetu wa Kolwezi, nanyi familia mliofika hapa kutoka mbali, leo sitasema habari ya siasa wala bei ya kobalti. Nasema habari ya gari la zamani linalokataa kuingiza vitesi. Wengine watacheka. Lakini simama asubuhi mahali taksi zinapopakia watu wa Kapata, Luilu au Musonoie, uhesabu nyumba ngapi zinakula kwa sababu gari moja lililochoka limekubali kuwaka na kutembea.

Maoni yangu nayatoa mapema ili asiyekubali abishane nami vizuri: katika mji wetu buati za vitesi zinashushwa ovyo. Gari likikwaruza kidogo, fundi analala chini na funguo zake, jioni buati iko juu ya mifuko ya sementi, na mwenye gari anaambiwa alete disiki, plato na bute, vyote vitatu. Hakuna aliyekanyaga pedali mara mbili kwa makusudi. Hakuna aliyefungua kofia ya mafuta ya freni kutazama. Kuna magari yaliyofunguliwa hivyo na baadaye ikaonekana ugonjwa ulikuwa mpira mdogo wa silinda, kitu ambacho bei yake haifiki hata karibu na bei ya disiki.

Kwa nini jambo hili linahusu familia zilizohamishwa? Kwa sababu hapa Lualaba watu wengi wanahamishwa na mgodi. Mwaka 2017 sehemu ya Kasulo ilizungushiwa ukuta kwa ajili ya uchimbaji, na mamia ya familia zikaondoka. Kule Cité Gécamines, shimo la mgodi wa COMMUS limezidi kusogelea nyumba, na Septemba 2023 Amnesty International pamoja na shirika la hapa kwetu, IBGDH, walitoa ripoti juu ya watu kuondolewa. Ndani yake wenyeji walieleza kwamba fidia waliyopewa haikutosha kununua nyumba inayofanana na ile waliyoacha, wengine wakaishia pembeni ya mji bila maji wala umeme. Sasa jiweke mahali pa baba kama huyo. Pesa haitoshi nyumba nzuri. Anajenga vyumba viwili, na kilichobaki ananunua gari la zamani ili mtoto wake mkubwa afanye taksi. Gari lile ndilo shamba lake. Buati ikishushwa bila sababu, si gari tu limelala: ni karo, ni unga, ni kodi ya nyumba kwa wale ambao hawakuweza kujenga.

Tuelewane kwanza juu ya majina, maana wasikilizaji wetu wametoka sehemu mbalimbali. Ambreyaje ninayosema ni ile ile ambayo watu wa Kenya na Tanzania wanaita klachi. Buati ni giaboksi yao. Magari mengi ya Japani yanayoingia siku hizi ni otomatiki, hayana pedali ya tatu. Hayo yana magonjwa yake na leo siyaingilii. Nasema juu ya Corolla za zamani, Hiace, Canter, na zile Mercedes za kubeba watu ambazo umri wao unapita umri wa dereva.

Ambreyaje kazi yake ni moja: kuunganisha moteri na buati, na kuvitenganisha wakati dereva anataka kubadili vitesi. Kati ya moteri na buati kuna disiki. Plato inaibana ile disiki kwenye gurudumu zito la moteri, na vyote vinazunguka pamoja. Ukikanyaga pedali, bute inasukuma katikati ya plato, plato inaachia, disiki inabaki huru. Nguvu ya mguu wako inafika kule chini kwa njia mbili: ama kable, ama mafuta yanayopita kutoka silinda ya juu, iliyo karibu na pedali, hadi silinda ya chini, iliyo kwenye buati.

Kwa hiyo ambreyaje ina namna mbili kubwa za kuugua, na zinapingana kabisa. Ya kwanza, haibani. Ya pili, haiachii. Fundi asiyekuuliza ni ipi kati ya hizi mbili, basi hajaanza kazi, hata kama mikono yake tayari ina grisi.

Ikiwa haibani, tunasema inateleza. Unakanyaga mafuta, moteri inalia juu, lakini gari haliongezi mwendo. Inaonekana zaidi ukiwa na vitesi ya nne, mlimani, gari limejaa. Kuna harufu kali ya kuungua. Aliyewahi kuisikia hawezi kuisahau. Ukitaka kuhakikisha, tafuta barabara tambarare isiyo na watu, ingiza vitesi ya tatu au ya nne kwa mwendo mdogo, kisha kanyaga mafuta vizuri. Moteri ikipanda na gari likibaki pale pale, inateleza. Wengine wanapima gari likiwa limesimama: freni ya mkono imefungwa sawasawa, mawe mbele ya magurudumu, hakuna mtoto wala mtu mbele, unaingiza vitesi ya nne na kuachia pedali polepole. Moteri inapaswa kuzimika. Ikiendelea kuzunguka kama hakuna lililotokea, disiki haishiki. Fanya hivyo mara moja tu. Nimeona vijana wanarudia mara tano ili kuonyesha wenzao, na kama disiki ilikuwa bado na uhai kidogo, uhai wenyewe umeishia pale.

Hata hapo usikimbilie kusema disiki imekwisha. Pedali inapaswa kuwa na mchezo mdogo juu kabla ya kuanza kuwa nzito. Kwa magari mengi ya kable ni kama sentimita 1 hadi 2, na kitabu cha gari ndicho chenye kipimo kamili. Mchezo usipokuwepo, kable imevutwa sana, na bute inasukuma plato saa zote, kana kwamba kuna mguu uliosahauliwa juu ya pedali. Kurekebisha kable ni kazi ya dakika chache. Na ikibidi kufungua, tazama kama disiki imelowa mafuta. Ikiwa imelowa, mafuta hayo yametoka mahali fulani: sili ya nyuma ya moteri au sili ya mbele ya buati. Kuweka disiki mpya na kuacha sili inayovuja ni kununua disiki mbili.

Sasa ugonjwa wa pili, ule unaowadanganya watu zaidi: ambreyaje haiachii. Moteri inazunguka, unakanyaga pedali mpaka chini, lakini vitesi ya kwanza haitaki kuingia, na rivasi inakwaruza mpaka abiria wanageuka kukutazama. Mwenye gari anasema, buati imekufa. Fundi anakubali haraka, maana buati ni kazi kubwa.

Hapa ndipo ningeomba kila dereva wa Lualaba ajue kipimo kimoja kisichogharimu hata franka moja. Zima moteri. Jaribu kuingiza vitesi zote, moja baada ya nyingine. Ikigoma moja, sukuma gari kidogo mbele au nyuma ili meno ya ndani yakutane, ujaribu tena. Kama zote zinaingia laini moteri ikiwa imezima, lakini zinakataa moteri ikiwa inawaka, basi mtuhumiwa wa kwanza si buati. Ni ambreyaje isiyoachia. Na kama zinakataa hata moteri ikiwa imezima, hapo tazama levye, fimbo au kable zinazotoka kwenye levye kwenda buati, na vile vipande vya mpira na plastiki kwenye maungio yake. Kwenye gari la zamani vinakwisha, levye inacheza kama kijiko ndani ya sufuria, na dereva anadhani meno ya buati yamevunjika. Vyote hivyo vikiwa vizima, ndipo tuanze kushuku ndani.

Kipimo cha pili kinafuata hapo hapo, kwa magari yanayotumia mafuta kwenye ambreyaje. Moteri ikiwaka, kanyaga pedali mara mbili tatu haraka, kisha jaribu vitesi. Zikiingia vizuri baada ya kupampu, kuna hewa ndani ya mrija au mpira wa silinda umechoka. Fungua kofia, tazama mafuta. Yamepungua? Yamekuwa meusi? Inua zulia chini ya pedali uguse ukuta: kukiwa na unyevu, silinda ya juu inavuja. Tazama silinda ya chini pembeni ya buati: kofia yake ya mpira ikiwa imelowa, ni hiyo. Kitu kingine: pedali ukiishikilia chini kwenye taa au kizuizi, gari likaanza kutambaa lenyewe polepole, shinikizo linapotea wakati mguu wako bado uko chini.

Mafuta yanayoingia pale ni mafuta ya freni, DOT 3 au DOT 4 kama kofia inavyosema. Hayapaswi kuwa mafuta ya moteri, wala ya usukani, wala yale ya chupa isiyo na jina. Mafuta ya moteri yanavimbisha mipira ya silinda, na kwenye magari ambayo ambreyaje na freni zinakunywa chombo kimoja, umeharibu na freni pia. Mafuta ya freni yenyewe yanavuta unyevu wa hewa. Watengenezaji wengi wanashauri kuyabadili kila baada ya miaka 2 hivi. Ni magari mangapi ya Kolwezi yamewahi kubadilishiwa mafuta hayo? Uliza kwenye kituo cha taksi, utachekwa.

Mama mmoja aliyehamia upande wa Manika na watoto wake alinieleza yake, akiwa bado na hasira. Gari la familia lilianza kukataa vitesi asubuhi, likipata joto linakubali kidogo, kisha linakataa tena. Garaje ya kwanza ilimwambia buati inataka kubadilishwa nzima, ikaomba malipo ya mbele. Aliuza friji. Kabla hajapeleka pesa, kaka wa marehemu mume wake, dereva wa zamani wa lori, alifika kumsalimia, akaomba funguo. Alizima moteri, akapitisha vitesi zote. Akawasha, zikakataa. Akapampu, zikaingia. "Shemeji," akamwambia, "buati yako haina neno. Hii ni silinda." Ilikuwa silinda ya chini. Gari likarudi kazini kwa wiki ile ile, lakini friji haikurudi.

Sauti nazo zinasema, ukizisikiliza bila haraka. Gari limesimama, moteri inawaka, levye iko huru. Kuna mlio wa kusaga wakati mguu haujagusa pedali, na ukikanyaga mlio unaisha? Beringi ya mbele ndani ya buati inalalamika. Kinyume chake, kimya wakati mguu uko mbali, na mlio unaanza ukikanyaga? Ni bute. Vitesi moja tu ikikwaruza, mara nyingi ya pili wakati wa kuteremka kutoka ya tatu, na nyingine zote ni laini, hapo ni sinkro ya vitesi ile, na kweli iko ndani ya buati. Lakini si lazima uifungue leo. Wazee wa malori wanajua kukanyaga mara mbili: unatoa vitesi, unaachia pedali, unagusa mafuta, unakanyaga tena, unaingiza. Gari linaweza kufanya kazi hivyo muda mrefu mpaka pesa ipatikane. Gari likitetemeka wakati wa kuondoka, tazama na mipira inayoshikilia moteri kabla ya kulaumu disiki. Hiyo mipira ikikatika, moteri inaruka, na hata vitesi inaweza kuchomoka yenyewe.

Kisha kuna mafuta ya buati, ambayo watu wanayasahau kwa sababu hakuna taa ya kuyakumbusha. Buati ikikauka inaanza kwa kuwa ngumu, halafu inalia, halafu inakufa kweli. Magari mengi yanataka 75W-90, lakini si yote, na kuna ambayo yanaumia sinkro yakipewa mafuta ya aina ya difu. Soma kitabu, au angalau usikubali fundi amimine kilichobaki kwenye bidoni.

Nisiwaonee mafundi. Wengi ni vijana waliojifunza kwa kutazama, chini ya mti, bila shimo la kushukia, bila kriki ya kuaminika. Mteja anakuja na disiki ya bei rahisi kabisa, inakwisha mapema, na lawama inamwangukia fundi. Na sisi wenye magari tuna dhambi zetu. Dereva anayeweka mguu juu ya pedali ya ambreyaje kutoka mjini hadi Luilu kana kwamba ni mto wa kulalia, anakula disiki na bute kila siku. Foleni ya malori kwenye barabara ya Likasi, watu wanashikilia gari kwenye mwinuko kwa ambreyaje badala ya freni ya mkono. Na taksi inayobeba watu wanne nyuma na wawili mbele, juu yake mizigo ya soko, inaomba disiki kazi ambayo haikutengenezewa.

Juu ya magunia nitasema wazi. Corolla ikipakia magunia ya madini kwenda Musompo, nyuma inakaribia kugusa udongo, na kwenye matope ya Januari dereva anachezesha pedali nusu nusu ili kutoka shimoni. Safari ile inalipa kuliko watu, najua. Lakini mwenye gari akiwa nyumbani hajui kwamba kijana wake anafanya hivyo usiku, na ambreyaje ikiungua anaambiwa ni ubovu wa gari. Ninyi wenye magari, ulizeni gari limebeba nini, si tu limeingiza pesa ngapi.

Ninachoomba si kikubwa. Kwanza, garaje iandike kwenye karatasi, hata ya daftari la shule, vipimo vilivyofanywa kabla ya kufungua: moteri ikizima vitesi ziliingia au hazikuingia, mafuta yalikuwa kiasi gani, pedali ina mchezo au haina. Mwenye gari alipie kazi ya kupima. Nasisitiza hilo, kwa sababu fundi asiyelipwa kwa kupima atatafuta chakula chake kwenye kufungua, na hapo simlaumu. Pili, vipande vya zamani virudishwe mkononi mwa mwenye gari, vyote. Disiki nzima ikirudi kwenye mfuko, itajieleza yenyewe. ACCO, chama cha madereva, kinaweza kusimamia haya kwa wanachama wake bila kungoja amri kutoka Kinshasa. Na INPP, ambayo kazi yake ni kufundisha watu ufundi, ingefanya vema kuleta mafunzo mafupi ya kupima gari hapa hapa, saa za jioni, kwa mafundi ambao tayari wana wateja na hawawezi kuacha kazi miezi sita.

Kuna watakaoniambia: gari zee ni gari zee, liuzwe. Rahisi kusema ukiwa na mshahara wa kampuni. Familia iliyohamishwa haina gari la pili la kungoja, na anayelinunua gari hilo lililotupwa ni familia nyingine kama yao.

Kwa sababu hiyo, neno kwa wale walio na fidia mkononi wiki hizi na wanataka kununua gari. Msimtume shemeji peke yake na pesa. Nendeni asubuhi, moteri ikiwa bado baridi, na mkatae gari lililowashwa kabla hamjafika. Pitisheni vitesi zote moteri ikiwa imezima, kisha ikiwa inawaka, rivasi ikiwa ya mwisho. Likipelekwe barabarani na watu ndani, mlima wowote unatosha, vitesi ya nne, mafuta chini. Mkifika, inameni chini ya buati mtazame kama kuna tone jipya. Muuzaji akisema hana muda wa hayo yote, na ninyi semeni hamna pesa.

Na kwa yule ambaye vipimo vimeonyesha kwamba disiki kweli imekwisha: usiende dukani na jina la gari tu, maana Corolla zina moteri mbalimbali na disiki zake hazilingani. Nenda na disiki ya zamani mkononi. Pima upana wake, hesabu meno ya katikati, ingiza disiki mpya kwenye mhimili wa buati kabla fundi hajafunga hata boti moja. Iteleze bila kulazimishwa. Na mwulize muuza duka mapema kama atakubali kuibadilisha ikiwa haitoshei, kabla mafuta hayajaigusa.